Mchezo Unaolipa Zaidi

Daftari lenyewe ni la kawaida, yale ya shule yenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada. Ukurasa wa kwanza nimeandika kwa herufi kubwa: MCHEZO UPI UNALIPA ZAIDI? Chini yake nimepiga mistari miwili kwa rula, kama mtu anayeanza utafiti wa maana. Nilikuwa nimemaliza shahada ya takwimu miezi saba nyuma, sina kazi, na kila Ijumaa usiku nilikuwa nacheza poka Sinza kwenye sebule ya rafiki yangu.

Tulikuwa sita. Mwenye nyumba alikuwa fundi kompyuta. Kulikuwa na dada mmoja mhasibu, ambaye hakuwahi kunywa kitu zaidi ya maji tukiwa mezani. Kulikuwa na vijana wawili tuliosoma nao chuo. Na kulikuwa na mtu ambaye wote tulimwita Mwalimu, kwa sababu alikuwa mwalimu kweli: fizikia, shule ya binafsi, na Jumamosi asubuhi tuisheni. Alitupita wote kwa umri kama miaka kumi. Alikuja na mfuko wa karanga kila Ijumaa, na ndiye pekee aliyepiga makofi mtu mwingine akishinda. Vile vidude vya plastiki vya kwenye filamu hatukuwa navyo. Punje ya mahindi ilikuwa shilingi mia, haragwe mia tano, kifuniko cha soda elfu mbili. Kuingia mezani elfu ishirini. Ukiisha unaruhusiwa kununua tena.

Tulianza na Texas Hold'em, ambayo ndiyo poka ambayo watu wengi wakisikia neno poka wanaifikiria. Kila mtu anapewa karata mbili za siri. Mezani zinafunuliwa karata tano za wote, kwanza tatu kwa pamoja, kisha ya nne, kisha ya tano, na kila hatua kuna kuweka dau. Unatengeneza mkono bora wa karata tano kutoka kwenye hizo saba. Unaweza kushinda kwa kuwa na karata nzuri, au kwa kuwapiga wenzako mkwara mpaka wakatupa zao. Hayo ndiyo yote. Sheria unazijua ndani ya dakika kumi na tano, halafu unatumia miaka kugundua kwamba hujui kucheza.

Swali langu la daftarini halikuwa la kijinga. Poka ina ndugu wengi: Hold'em, Omaha, Stud ya karata saba, na ile ya zamani ya kubadilisha karata. Mtu anayetaka pesa lazima aulize akae wapi, kama muuza nyanya anavyouliza Kariakoo au Mabibo. Na jibu limekuwa likibadilika. Mwaka 2003 mhasibu mmoja wa Tennessee, Marekani, ambaye jina lake la ukoo lilikuwa kweli Moneymaker, alishinda shindano kubwa la dunia Las Vegas akitokea kwenye shindano dogo la kufuzu mtandaoni. Washindani walikuwa 839 na yeye akaondoka na dola milioni 2.5. Baada ya hapo mamilioni ya watu wakaingia mtandaoni kucheza Hold'em, na kwa miaka kadhaa mtu mwenye subira na vitabu viwili aliweza kuishi kwa mchezo huo. Fikiria kilichotokea hapo. Sheria za Hold'em hazikubadilika hata nukta moja. Waliobadilika ni waliokaa mezani.

Kisha wakajifunza. Na kompyuta nazo zikajifunza. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walitangaza kwamba Hold'em ya watu wawili yenye dau lililowekewa kiwango imekwisha kutatuliwa kwa kiasi ambacho mwanadamu hawezi kupata faida ya maana dhidi ya programu yao hata akicheza maisha yake yote. Mwaka 2017, Pittsburgh, programu iitwayo Libratus iliwashinda wachezaji wanne wa kulipwa kwenye Hold'em isiyo na kikomo cha dau, mikono 120,000 kwa siku ishirini. Maarifa yale yakashuka taratibu mpaka kwa wachezaji wa kawaida, na ushauri ukageuka: hamia Omaha, hamia michezo ambayo watu hawajaisoma sana.

Nilisoma mengi katika miezi ile, na nilichogundua ni kwamba wajuzi wote wanaanza na mchezo na kuishia kwa mtu. Ukiwauliza upi unalipa, watakupa maelezo marefu ya hesabu, kisha mwishoni watasema kitu kimoja: achana na jina la mchezo, tafuta meza yenye asiyejua. Wanamwita samaki. Akiwa na pesa nyingi wanamwita nyangumi. Na wana msemo wao kwamba usigonge kioo cha tangi, maana ukigonga samaki watashtuka. Yaani usimkosoe mchezaji mbovu, usimcheke, usimweleze kwa nini amekosea. Mpongeze. Mwambie alistahili kushinda.

Hii si tabia mbaya ya watu fulani tu, iko kwenye hesabu yenyewe. John von Neumann, aliyeandika juu ya nadharia ya michezo mwaka 1928 na kisha, pamoja na Oskar Morgenstern, kuipa poka sehemu nzima kwenye kitabu chao cha 1944, alianzia kwenye michezo ambayo ukijumlisha ushindi wa huyu na hasara ya yule unapata sifuri. Meza ya poka haizalishi kitu. Kwenye kasino ni mbaya zaidi, maana nyumba inakata chake kwenye kila chungu cha pesa. Sebuleni Sinza hakukuwa na makato, tulichangia tu sukari ya chai. Kwa hiyo shilingi yangu ya faida ilikuwa lazima iwe imetoka mfukoni mwa mmoja wa watu watano niliokuwa nakula nao karanga.

Miezi ya kwanza ya Hold'em nilipata wastani wa shilingi elfu kumi na moja kwa usiku. Niliziandika zote. Mwalimu ndiye aliyekuwa akipoteza, lakini alipoteza haraka na kwa uwazi. Hold'em ina ukatili fulani wa ukweli: ukiwa na ree mbili na mwenzako ana mfalme wawili kabla ya mezani kufunuliwa, utashinda kama mara nne kati ya tano. Mtu anayecheza karata mbovu anapigwa, anapigwa tena, na ifikapo saa nne usiku anaaga kwamba kesho ana tuisheni. Wiki nyingine hakuja kabisa. Niliona kwenye daftari kwamba Ijumaa asizokuja, faida yangu ilikuwa karibu na sifuri, na mara mbili ilikuwa chini yake.

Ndipo nikapendekeza Omaha. Nilisema tumechoka na Hold'em, tujaribu kitu chenye msisimko. Hilo halikuwa uongo. Katika Omaha kila mtu anapewa karata nne, na ni lazima atumie mbili kati ya hizo, si zaidi wala pungufu, pamoja na tatu za mezani. Karata nne zinaweza kupangwa wawili wawili kwa njia sita, hivyo kila mtu anahisi ana mikono sita mikononi mwake. Tofauti kati ya karata nzuri na karata ovyo inapungua: hata ukiwa na ree mbili, dhidi ya mkono wa kawaida utashinda kama mara sita au saba tu kati ya kumi. Anayekosea anashinda mara kwa mara. Analamba dume, meza inashangilia, anasahau garasa tano alizolamba kabla.

Mwalimu aliipenda Omaha kuliko sisi wote. Alikuwa akisema, "Karata nne, haiwezekani zote zikanikataa." Alicheza karibu kila mkono. Akaacha kuondoka saa nne. Akawa anakaa mpaka saa saba, na akiisha ananunua tena. Hakukosa Ijumaa hata moja. Wastani wangu ukapanda mpaka karibu elfu ishirini na nane kwa usiku, na nikaandika kwenye daftari, nikiwa na furaha ya mwanatakwimu aliyethibitisha dhana yake: OMAHA.

Usiku mmoja umeme ulikatika, tukaendelea kwa mwanga wa simu mbili zilizosimamishwa kwenye glasi. Mezani kulikuwa na kopa tatu. Mwalimu alikuwa na kopa mbili mkononi, kubwa yake tisa, na alifuata dau langu mpaka mwisho. Mimi nilikuwa na ree ya kopa na nyingine ndogo. Alikuwa amepoteza hivyo hivyo wiki iliyopita, na wiki ile nyingine. Akanisogezea vifuniko vya soda, kisha akaniuliza, taratibu, kama anayemuuliza daktari, "Hebu niambie ukweli, dogo. Nakosea wapi?"

Nilijua kwa usahihi kabisa. Tulikuwa sita, kwenye Hold'em karata zinazokuwa nje ni kumi na mbili za watu na tano za mezani, jumla 17 kati ya 52. Kwenye Omaha ni ishirini na nne na tano, jumla 29. Zaidi ya nusu ya karata zote ziko mchezoni. Kopa zenye tisa kubwa, ambazo kwenye Hold'em zingetosha kumfanya mtu atabasamu, kwenye Omaha ni mtego, kwa sababu kila ukipata mkono mzuri wa wastani kuna uwezekano mkubwa mwingine ana ulio bora zaidi. Unatakiwa kucheza karata zinazoelekea kwenye mkono wa juu kabisa, na kutupa zilizobaki. Sentensi tatu. Mtoto wa kidato cha pili angeelewa, sembuse mwalimu wa fizikia.

Nikamwambia, "Ni bahati tu, Mwalimu. Zitageuka."

Sitaki kulifanya jambo hili kubwa kuliko lilivyo. Hakuna aliyekufa, hakuna aliyeuza kiwanja. Na nina hoja za kujitetea, ambazo nilizijenga usiku uleule nikiwa kwenye bajaji kurudi nyumbani. Ya kwanza ni kwamba yeye ni mtu mzima, alijua ni pesa, alijua anaweza kupoteza, na sheria zilikuwa zilezile kwangu na kwake. Kukaa kwake mezani ni kukubali. Lakini alikubali nini? Alikubali kucheza na mimi. Hakukubali nimchagulie mchezo kwa kupima ni upi utamchelewesha kugundua kwamba hawezi kushinda. Mvuvi anaweza kusema samaki aliimeza ndoano mwenyewe.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, na hadi leo sijaimaliza. Mwalimu alipata kitu. Alipata Ijumaa. Alikuwa na wiki ya vipindi na madaftari ya kusahihisha, halafu alikuwa na masaa matano ya kucheka na watu waliomheshimu. Angeenda baa angetumia pesa hizohizo na asingepata nusu ya hayo, na hakuna anayemwita muuza bia mwizi. Nimelizungusha hili mara nyingi. Pale linaponikwama ni hapa: muuza bia hakuambii kwamba ukiendelea kunywa, chupa ulizokwisha kunywa zitarudi zimejaa. Mimi nilimuuzia Mwalimu hiyo kauli. "Zitageuka."

Wenye kusoma falsafa watamtaja Kant hapa, na mimi pia nilimtafuta. Watu wengi wanamkumbuka kama aliyekataza kumtumia binadamu mwenzako kama chombo, lakini hakusema hivyo. Sote tunatumiana, mimi namtumia dereva wa bajaji kufika nyumbani naye ananitumia kupata hela ya mafuta. Alichokataza ni kumtumia mtu kama chombo tu. Mzigo wote wa hoja umebebwa na hilo neno dogo la mwisho. Nami nilijiambia kwamba sikumtumia tu, nilimpenda pia, nilimuuliza habari za watoto. Nilifarijika kwa siku mbili hivi.

Kilichonisumbua zaidi hakikutoka kwa Kant, kilitoka kwenye drafti. Nilipokuwa kidato cha tatu kulikuwa na mzee kijiweni kwetu aliyekuwa akinifunga kila siku, kwenye ubao wa mbao na vifuniko vya soda, vilevile tulivyokuwa tunatumia Sinza. Akishanifunga alikuwa ananizuia kuondoka. Anarudisha kete nyuma, moja moja, mpaka tunafika pale nilipopotea, kisha anasubiri mpaka nione mwenyewe. Waliosimama nao wanabishana, huyu anasema ningekula kulia, yule anasema ningesubiri. Mzee alitaka niwe hodari kwa sababu kumfunga asiyejua kulimchosha. Ushindi wake haukupungua kwa mimi kujua; uliongezeka thamani.

Poka ya pesa imegeuza hilo juu chini. Ni ujuzi ambao thamani yake inashuka kila ukimpa mwenzako. Nimejaribu kufikiria kazi nyingine za namna hiyo na zipo, nyingi, na baadhi zinalipa sana na zinafanywa kwenye ofisi zenye viyoyozi na watu waliosoma takwimu kama mimi. Huenda siku moja nitafanya mojawapo. Lakini nilikuwa nimekaa meza moja na mtu aliyekuwa akilipwa mshahara, tena mdogo, kwa kufanya kinyume chake.

Mwezi Agosti, katikati ya mwezi, Mwalimu aliisha mapema. Akamvuta mwenye nyumba pembeni, karibu na friji, akamwomba amkopeshe elfu ishirini mpaka mshahara utoke. Nilisikia. Mhasibu naye alisikia, akainamisha macho kwenye karata zake. Na mimi nilifurahi. Nataka kuwa mkweli juu ya hili kwa sababu ndilo hasa lililonifanya niandike. Kabla sijafikiria chochote, kabla ya kumwonea huruma, mwili wangu ulifurahi kama unavyofurahi ukiona basi tupu linakuja kituoni. Mtu ninayempenda alikuwa anakopa, na habari hiyo iliingia kwangu kama habari njema.

Niliporudi nyumbani nilifanya hesabu ambayo sikuwahi kuifanya, ingawa namba zote nilikuwa nazo. Kwa Ijumaa 17 za Hold'em na 14 za Omaha nilikuwa nimepata jumla shilingi 578,000. Katika Ijumaa hizo hizo Mwalimu alikuwa amepoteza 568,000. Si kwamba kila shilingi yake ilikuja kwangu moja kwa moja. Nyingine zilipitia kwa vijana wale wawili, zikalala wiki moja, halafu zikaja. Wengine wanne, ukiwajumlisha, walikuwa wanapeana zilezile. Nilikuwa nimejaza kurasa arobaini kuchunguza michezo, na kumbe muda wote nilikuwa namwandika mtu mmoja.

Jumapili nilikwenda kwake bila kupiga simu. Alikuwa anasahihisha mitihani ya nusu muhula, kalamu nyekundu nyuma ya sikio. Nikaweka karata mezani zikiwa wazi, nikagawa mikono sita ya Omaha, nikamwonyesha. Ilimchukua robo saa. Alihesabu mwenyewe zile 29 kabla sijamaliza sentensi, kisha akaniuliza maswali ambayo mimi yalinichukua miezi kuyafikia: je, tukiwa watatu mezani, kopa za tisa zinarudi kuwa nzuri? Ree moja ya kopa bila kopa nyingine ina kazi gani? Nilimwambia inaweza kutumika kupiga mkwara, kwa sababu ukiwa nayo unajua hakuna mwingine mwenye mkono wa juu kabisa. Alicheka kwa furaha ya kweli. Mke wake akaleta chai.

Kisha akakusanya karata, akazifunga kwa mpira, akanirudishia. "Haya umeyajua tangu lini?"

Nikasema tangu Machi.

Akatikisa kichwa kidogo, kama anavyofanya nadhani mwanafunzi akitoa jibu sahihi kwa njia ambayo siyo. Akarudi kwenye mitihani yake, akanisomea jibu la ajabu la mtoto mmoja kuhusu msuguano, tukacheka, nikaaga.

Hakuja tena Ijumaa. Hakugombana na mtu. Alisema tuisheni zimeongezeka, na huenda ni kweli. Tuliendelea kama wiki sita bila yeye. Faida yangu kwa wiki zote hizo ilikuwa elfu tisa, na karanga zilikuwa hakuna. Mhasibu ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema kwamba haoni sababu ya kukesha kwa ajili ya kubadilishana maharage.

Nilipopata kazi ya mkataba, mshahara wa pili nilimtumia Mwalimu shilingi 364,000 kwa simu. Hiyo ilikuwa hasara yake ya Omaha peke yake. Nililifikiria sana: za Hold'em alizipoteza kwenye mchezo tulioukuta, nikaona ni halali yangu, za Omaha nilimchagulia mimi. Hadi leo nadhani mstari huo niliuchora mahali sahihi, ingawa sitashangaa nikiambiwa niliuchora pale ambapo ningeweza kumudu.

Baada ya kama saa moja simu ikalia. Ujumbe ulikuwa mfupi: "Dogo, nilikaa mezani mwenyewe. Usinifanye mtoto." Chini yake ulikuwa umeingia ujumbe mwingine, wa pesa. Alikuwa amezirudisha zote, 364,000 kamili, na makato ya kutuma amelipa yeye.